Broila na OTC kila mzigo: nilivyoacha, nilichopoteza na nilichokikuta chini ya maranda (Mwanza)

#1 Kibanda cha Buswelu

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Kama una haraka pita, utarudi usiku ukishafunga kuku.

Nafuga broila hapa Buswelu, Ilemela, huu mwaka wa sita. Banda la vifaranga 500. Mzigo unaingia, wiki ya tano au ya sita unatoka, wengi wanaishia kwa watu wa chips Nyakato na Kirumba. Aliyenifundisha kazi ni jirani yangu, na somo lake la kwanza lilikuwa, "Broila si kuku, broila ni dawa." Nikalishika kama amri. Kifaranga akitoka kwenye boksi anakutana na OTC (oksitetrasaikilini, antibiotiki ya unga) kwenye maji, siku tano. Siku ya kumi tena. Mvua ikinyesha, tena. Na chakula nilichokuwa nachanganya mwenyewe, kila mfuko wa kilo 50 ulipata vijiko vyake vya ule unga wa njano, kuanzia stata, chakula cha kwanza cha vifaranga, mpaka siku ya kupakia. Wala sikuwa naiita tiba. Kwangu ilikuwa kama chumvi kwenye mboga.

Miaka minne ilikwenda. Walikufa thelathini, arobaini kwa mzigo, nikasema ndiyo biashara.

Mzigo wa Aprili mwaka jana ndio ulioniumbua. Wiki ya tatu wakaanza kukoroma, manyoya yamesimama, wanajikunyata pembeni, wengine mavi yamegandia nyuma. Nikapiga OTC. Kimya. Nikaenda dukani nikapewa mchanganyiko wa tailosini na doksi. Siku mbili naona wamechangamka, ya tatu naokota kumi na mmoja asubuhi. Nikapanda enrofloksasini, ile ambayo wengi tunaitunza ya mwisho kabisa. Wapi. Mpaka mambo yanatulia nimefukia kuku 137.

Mke wangu ndiye aliyesema, "Si ungewapeleka hao wakapasuliwe, kuliko kila siku kumpelekea hela mwenye duka?" Nikachukua watatu waliokufa alfajiri ile na wawili wagonjwa, nikaenda maabara ya veterinari ya serikali hapa hapa mjini. Walipopasuliwa, moyo na ini vilikuwa vimefunikwa utando mweupe mzito, kama ute wa yai lililochemshwa. Wakachukua sampuli, wakaotesha. Jibu likaja: E. koli, bakteria wa utumboni. Chini yake orodha ya dawa walizozijaribu, na mbele ya kila dawa herufi. S maana yake inafanya kazi, R imegoma. OTC, R. Doksi, R. Enrofloksasini, R. Salfa, R.

Daktari aliyenikabidhi karatasi hakunigombeza. Aliniuliza maranda nabadilisha lini, na usiku banda nalifungaje. Nikamwambia nashusha maturubai mpaka chini, upepo wa ziwani unaingia na baridi. Akasema nikifika nyumbani niingie bandani alfajiri kabla sijafungua, nichuchumae mpaka kichwa kiwe usawa wa kuku, nikae dakika tano.

Nilikaa mbili. Macho yalichoma kama nimemenya gunia la vitunguu. Miaka yote nilikuwa naingia mle nimesimama, pua iko juu, kuku analala kwenye hewa ya chini. Ile ni amonia ya mavi na mkojo kwenye maranda yaliyolowa. Koo la kuku lina vinyweleo vidogo vinavyofagia vumbi na vijidudu kuvirudisha juu. Amonia inaviharibu, na E. koli ambayo ipo kwenye mavi siku zote inashuka mapafuni bila kupiga hodi. Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nanunua dukani. Nilikuwa nanunua ruhusa ya kufuga kwenye banda bovu, na ruhusa imeisha muda.

Kwa hiyo wanaoniambia nina ujasiri wa kuacha dawa, hapana. Dawa ndizo zilizoniacha.

Mzigo wa Juni niliuanza hivi. Maranda yote ya zamani nje, sakafu ikapigwa maji ya sabuni, kisha dawa ya kuulia vijidudu, banda likakaa tupu wiki mbili. Nilizoea siku tatu. Hizo wiki mbili ziliniuma kuliko chochote, maana banda tupu haliingizi hata mia. Nikaweka pumba za mpunga kavu kutoka mashine za Misungwi, kina cha vidole vinne. Turubai nikaligeuza: limefungwa chini na linashuka kutoka juu, ili usiku pabaki uwazi wa shubiri moja karibu na bati, hewa chafu ipate njia.

Halafu joto. Zamani nilikuwa nawasha majiko ya mkaa vifaranga wakishafika, kwa hiyo saa sita za kwanza wako kwenye sakafu baridi. Sasa nawasha jana yake, mpaka ukilaza mkono kwenye pumba zenyewe unasikia uvuguvugu. Usawa wa kifaranga iwe nyuzi 32 hadi 34 wiki ya kwanza, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Kama huna kipimajoto, mshike kifaranga umguse miguu kwenye shavu lako. Miguu ya baridi, kifaranga wa baridi, na huyo hali wala hanywi. Usiku nawapapasa magole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Gole likiwa tupu au gumu kama punje, nimekosea mimi, si kifaranga.

Chakula sasa, na hapa watu wa kanda ya ziwa tusikilizane. Protini yetu ni dagaa. Wakati wa giza wapo tele, mbalamwezi ikitoka wavuvi wa karabai hawapati kitu, bei inaruka, na hapo ndipo unauziwa dagaa walioanikwa mchangani, nusu dagaa nusu ufukwe. Chukua kikombe, mwaga kwenye ndoo ya maji, koroga. Utaona kilichozama. Mimi nilipima nikachoka. Mbali na mchanga, pale ufukweni kuna ndege, kuna mbwa, kuna kila kitu, kwa hiyo salmonela unaibeba mwenyewe kwenye gunia unaipeleka bandani, halafu unakwenda kununua dawa ya kuharisha. Sasa nachukua waliokaushwa kwenye vichanja tu. Mbalamwezi ikikaza nazidisha soya. Mashudu ya pamba nimewaachia ng'ombe, yana sumu yake ya asili na broila hayamkubali kwa wingi.

Matokeo: walikufa 22, kumi na wanne kati yao wiki ya kwanza. OTC sikuweka hata chembe. Uzito niliokuwa naupata siku ya 35 niliupata siku ya 37, na nilikula mifuko miwili zaidi ya chakula. Hiyo ndiyo hasara, sifichi. Mzigo uliofuata wakashikwa na kuhara damu siku ya 23, kosa langu, chombo cha maji kilivuja usiku kucha. Niliwapa amproliamu, wakapona. Kwa hiyo sisemi dawa ni haramu. Nasema ile ya kila siku, kwa kuku wasioumwa.

Nawasilisha. Mawe karibuni, Mwanza hayajawahi kuisha.

#2 Sato Mkavu

Nimekaa siti ya mbele. Hapo kwenye kuchuchumaa dakika tano nimecheka, ila kesho alfajiri najaribu.

#3 Pembejeo Igoma

Mkuu umeandika vizuri lakini sisi wa maduka umetufanya wezi. Mfugaji anakuja saa moja jioni, mkononi ana elfu tano na kuku mmoja aliyekufa ndani ya mfuko wa rambo. Nikimwambia peleka maabara anasema "wewe si unauza dawa?" Nisipompa anavuka barabara, anapewa na jirani yangu. Nimewahi kumwambia mtu hiki ni kideri, ni kirusi, antibiotiki haigusi kirusi, rudi ukachanje waliobaki. Akaniambia naringa. Kesho yake nikasikia kanunua kopo zima kwingine.

#4 Kibanda cha Buswelu

Mkuu Igoma, hilo nakubali, mimi mwenyewe nilikuwa mteja wa aina hiyo. Na nyongeza: kuku wangu wa miaka ile walikuwa wanachanjwa gumboro na kideri kwa maji ya bomba moja kwa moja. Klorini inaua chanjo kabla haijafika mdomoni. Siku hizi nachota maji jioni yake, yanalala kwenye ndoo wazi, asubuhi naweka maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu mbili na nusu kwa lita, ndipo chanjo. Wanakuwa wamekaa na kiu saa moja na nusu hivi ili wote wanywe na iishe mapema.

#5 Mchanganyaji

Mimi nachanganya chakula, sitataja wapi. Nitasema ukweli mmoja. Mteja akifika swali la kwanza si protini asilimia ngapi, ni "kina dawa?" Ukisema hakina, anaenda kwa anayesema kina. Na wengi wanaosema kina, wanakoroga kwa koleo sakafuni. Sasa gramu chache za unga kwenye kilo 500 kwa koleo, kuku mmoja anakula dozi ya ng'ombe, wa pili hapati kitu.

#6 Daktari Mstaafu Nyegezi

Hilo la koleo ni zito kuliko linavyoonekana. Dozi pungufu ndiyo shule ya vijidudu. Wale dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki na kuzaana, na usugu huo wanaweza kupeana hata wasio ndugu. Halafu kuku mgonjwa kitu cha kwanza anachoacha ni kula, ila maji anaendelea kunywa kidogo. Kwa hiyo dawa kwenye chakula inawafikia zaidi wazima kuliko wagonjwa. Na hiyo OTC hasa, kalsiamu inaishika tumboni isinyonywe vizuri, na vyakula vyetu vimejaa chokaa.

Kwa wanaodhani mambo haya yameanzia Mwanza: mwaka 1948, Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa kampuni ya Lederle walikuwa wanatafuta vitamini B12 ya bei rahisi kwa ajili ya vifaranga. Wakajaribu masalia ya kutengenezea klotetrasaikilini, ndugu wa damu wa OTC. Vifaranga wakakua kuliko B12 peke yake ingeweza kueleza. Mwaka 1951 nchi ile ikaruhusu antibiotiki kwenye chakula cha mifugo bila cheti cha daktari, na dunia ikafuata. Lakini mapema tu ilionekana kuwa nyongeza ile ya uzito ni kubwa kwenye mabanda machafu. Vifaranga wakiwekwa kwenye banda jipya na safi, dawa ile ile haiongezi kitu cha maana. Mleta uzi amegundua kwa kuchuchumaa.

Uswidi walipiga marufuku dawa za kukuzia mwaka 1986. Umoja wa Ulaya walifunga kabisa tarehe 1 Januari 2006. Marekani mwaka 2005 waliiondoa enrofloksasini kwa kuku, kwa sababu kampailobakta, bakteria wanaoharisha watu, walishaanza kuwa sugu kwa dawa za jamii hiyo, na mwaka 2017 wakaacha kukuzia mifugo kwa antibiotiki zinazotibu watu.

#7 Kuku Mia Tano

Daktari shikamoo. Ila Ulaya wana feni, wana kompyuta ya joto, wana vifaranga waliopimwa. Mimi nina bati, wavu na jiko la mkaa, na kifaranga anafika amelala barabarani usiku kucha kitovu hakijafunga. Mkiniondolea OTC mnanipa nini? Msitufananishe.

#8 Daktari Mstaafu Nyegezi

Marahaba. Hoja yako ni ya haki. Denmark wafugaji wa kuku wa nyama waliacha wenyewe mwaka 1998. Vifo havikupanda, chakula kwa kila kilo ya nyama kilipanda kidogo sana, kama ile mifuko miwili ya mwenzako. Lakini hawakuacha dawa za kuzuia koksi (ule ugonjwa wa kuhara damu), salinomaisini na wenzake, ambazo hazitumiki kutibu watu, na hizo zinatuliza pia baadhi ya vijidudu vya utumbo. Kwa hiyo si kweli kwamba walibaki mikono mitupu, na wewe usibaki.

Ila ukinunua chakula chenye salinomaisini au monensini, uliza na ukumbuke. Ukiwapa kuku hao dawa ya tiamulini kwa ajili ya mafua, ini linashindwa kuitoa ile ya kwanza, wanalegea miguu na kufa. Nimeitwa kwenye banda watu wanasema wamerogwa. Na mabaki ya chakula hicho usimpe punda. Kiasi kidogo tu kinamuua.

Kuhusu kitovu: kifaranga mwenye kitovu wazi, chenye weusi na harufu, umeuziwa tatizo. Mkague kabla ya kulipa, mbele ya aliyekuletea. Dawa haizibi kitovu.

#9 Mama Kuku wa Mkuyuni

Mimi ni mnunuzi, nakaanga. Naomba kuuliza kitu kimoja na msinizunguke. Mfugaji akiniuzia kuku waliokunywa dawa jana, mafuta ya moto si yanaua?

#10 Nesi wa Zamu

Dada, hapo kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Vijidudu, moto unaviua. Mabaki ya dawa ndani ya nyama, si yote yanayokwisha kwa kupika, ndiyo maana kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, zimeandikwa kwenye kopo. Na tatizo kubwa kwako haliko kwenye karai, liko kwenye kibao. Unakatakata kuku mbichi, unapangusa na kitambaa, unakatia kachumbari. Kachumbari haipikwi.

Mimi nipo wodini, sitasema hospitali gani. Mgonjwa anakuja na mkojo unaochoma, kitu kilichokuwa kinaisha kwa vidonge. Mkojo unaoteshwa, karatasi inarudi R, R, R, kama hiyo ya kuku wa mleta uzi. E. koli hiyo hiyo kwa jina. Siwezi kukuambia imetoka kwa kuku, huenda imetoka kwa vidonge vya duka la mtaani ambavyo kila mtu anameza mafua yakimgusa. Lakini nilipoona ile orodha hapo juu nilishtuka, ni kama faili la wodini kwangu.

#11 Mama Kuku wa Mkuyuni

Asante mwanangu. Nina vibao viwili, ila kusema kweli kimoja tulikuwa tunawekea sufuria. Kuanzia kesho kinarudi kazini.

#12 Sato Mkavu

Na zile sindano za homoni za kunenepesha? Shemeji yangu kaacha kula broila kwa sababu hiyo.

#13 Kibanda cha Buswelu

Mwambie shemeji arudi mezani. Kuku 500 nani atawachoma sindano mmoja mmoja kila siku? Broila anakua haraka kwa mbegu, wamechaguliwa vizazi na vizazi, na kwa chakula. Chukua wa kienyeji umlishe stata ile ile uone kama atafika kilo mbili kwa wiki sita. Ya homoni ni hadithi. Hili la dawa ndilo la kweli, na cha ajabu hilo halijawahi kumzuia shemeji wa mtu kula.

#14 Pembejeo Igoma

Hizo siku za kusubiri ndipo wafugaji wanapoanguka. Kuku wameanza kukoroma siku ya 33, mnunuzi anakuja siku ya 35, mtu anawapiga dawa ili wasife wakiwa njiani. Yaani dawa ya kusafirishia. Nimeuza sana hiyo, Mungu anisamehe. Sasa namuuliza mtu anapakia lini. Akisema keshokutwa namwambia wauze waliochangamka leo, wagonjwa watenge. Wengine wananielewa.

#15 Kuku Mia Tano

Nimerudi. Nimesoma yote mara mbili. Leo alfajiri nimechuchumaa. Sitaki kuzungumzia.

Swali: mahindi. Pumba zangu za msimu wa mvua zinakuwa na harufu ya ukungu, nazianika juani zinakauka, nachanganya. Kuna shida?

#16 Daktari Mstaafu Nyegezi

Ipo, na kubwa. Jua linakausha ukungu, sumu yake haliondoi. Sumukuvu inaumiza ini na kushusha kinga, kwa hiyo hata chanjo uliyochanja kwa usahihi haishiki vizuri. Ukipasua kuku unakuta ini limepauka, la manjano. Mfugaji anaona kuku wanaugua ugua kila wiki, anaongeza OTC. Pumba zenye ukungu usinunue, hata kwa nusu bei.

#17 Dereva wa Kamanga

Wakuu mimi ni mgeni kabisa. Vifaranga wangu 200 wa kwanza wanavuka na pantoni kwenda Sengerema Alhamisi asubuhi. Nimeshanunua kopo la OTC. Siku ya kwanza niwape nini kwenye maji?

#18 Kibanda cha Buswelu

Maji. Safi, yasiyo baridi, na glukosi kidogo kwa sababu ya safari. Kopo litunze na risiti yake. Jiko liwake Jumatano jioni, si Alhamisi, na uache mahali pa hewa kutokea, mkaa unaua watu na kuku. Gazeti chini siku ya kwanza, mwaga stata juu yake waione. Wakijikusanya chini ya jiko wana baridi, wakikimbilia ukutani na midomo wazi wana joto, wakitawanyika wanakula na kulia polepole, nenda kalale. Na usiku wapapase magole.

#19 Dereva wa Kamanga

Wabeja sana mkuu. Ni Jumatano saa tatu usiku, jiko linawaka tangu saa kumi. Nimelala kifudifudi kwenye pumba nasikilizia joto na shavu. Mama watoto amekuja na tochi kuuliza kama nimeanguka.